Mteja kala logo yangu, namdai ananiuliza kama programu niliyochorea nimeinunua

FundiRangi (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo, maana nyumbani sina wa kumweleza, mke wangu kishaanza kucheka.

Mimi ni mchoraji wa kompyuta, nina kifremu changu Morogoro mjini. Logo, kadi za harusi, mabango, kalenda, hizo ndizo kazi zangu. Mwezi wa tatu alikuja mzee mmoja mwenye mgahawa, anataka logo. Tukakubaliana laki mbili na nusu, akatanguliza elfu hamsini. Nikakaa nayo siku nne. Nikamtumia mfano kwa WhatsApp, jina la ofisi yangu nimelikatiza katikati ya picha ili asiondoke nayo. Akajibu nzuri sana, kesho nakuja kumalizia. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi.

Juzi nipo kwenye bodaboda naelekea Msamvu, inapita bajaji, ubavuni ina logo yangu. Nikamwambia dereva ifuate hiyo. Imeishia mgahawani. Logo ipo kwenye bango, kwenye aproni za wahudumu, kwenye menyu. Jina langu limefutwa, tena limefutwa vibaya, ukisogea karibu jani la mgomba lina kovu.

Nikaingia kwa adabu. "Shikamoo mzee, nimefuata ile laki mbili." Akaniangalia, akamwita mpwa wake, kijana anayesoma kompyuta chuoni. Kijana akaniuliza mbele ya wateja: "Kaka, hiyo Illustrator ya ofisini kwako umeilipia shilingi ngapi?" Nikakosa jibu. Mzee akamalizia: "Mwizi kaibiwa. Sasa unataka tukuitie polisi au unataka chai?"

Wakuu, chai nilikunywa.

Lakini usingizi sipati. Yule kijana ana hoja au hana? Ukitumia programu ya kukraki (iliyovunjwa kufuli ili isilipiwe) unapoteza haki ya kudai jasho lako? Matusi sihitaji, nimeshapata ya kutosha.

Mpitanjia

Siti ya mbele. Hapo kwenye chai nimecheka hadi mtoto kaamka.

KipangaWaKariakoo

Pole mkuu, ila usikubali kuitwa mwizi. Mimi nina meza yangu Kariakoo mwaka wa tisa huu, kazi yangu ni kufunga Windows. Elfu kumi Windows, ukitaka na Office ongeza tano, antivairasi nakuwekea kama nyongeza. Wamepita kwangu walimu, wachungaji, maofisa, wanafunzi. Sijaulizwa leseni hata siku moja. Wanachouliza ni "itachukua muda gani?"

Na wizi ni nini? Nikikuibia kuku, asubuhi banda lako lina kuku pungufu. Nikinakili programu, mwenyewe anabaki nayo nzima, haijapungua hata unyoya. Tena Bill Gates, mwenye Microsoft na hiyo Windows, mwaka 1998 aliongea na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, akasema Wachina hawalipii programu, ila maadamu wanaiba, bora waibe za kwake, watazizoea, na siku moja kampuni itajua namna ya kukusanya pesa. Mwenye mali kasema mwenyewe. Wewe unajisumbua nini?

ShangaziWaHesabu

Kipanga, hapo kwenye kuku simama kidogo.

FundiRangi, ile logo si bado unayo kwenye kompyuta yako? Haijapungua hata unyoya? Basi kwa hesabu ya Kipanga hujaibiwa kitu. Rudi ukamwombe mzee radhi kwa kufukuza bajaji yake.

Na lingine. Huyo aliyefuta jina lako alifutia programu gani, na hiyo ya kwake aliilipia?

KipangaWaKariakoo

Shangazi hapo umenibana kidogo. Ila si sawasawa. Mwenzetu ana watoto, ana kodi ya fremu. Hayo makampuni yana mabilioni, hata hayajui kama Morogoro ipo.

ShangaziWaHesabu

Kwa hiyo kipimo si kuku tena, ni umaskini wa mwenye kuku. Sawa, hama, lakini usituambie hujahama. Maana mzee wa mgahawa naye akimwangalia FundiRangi anaona kijana mwenye fremu na kompyuta, hana shida ya laki mbili. Sijawahi kumsikia mtu aliyechukua cha mwenzake akakiri kuwa aliyemchukulia ni fukara kuliko yeye.

WakiliMchovu

Nimetoka mahakamani sasa hivi, nitaandika kama ninavyopumua.

Haya ni madeni mawili. Deni la kwanza ni la mzee kwa FundiRangi. Walikubaliana bei, malipo ya awali yametoka, kazi imefanyika na mzee anaitumia. Deni la pili, kama lipo, ni la FundiRangi kwa kampuni ya programu. Mzee si kampuni hiyo, hajatumwa nayo, wala hajapewa kazi ya kuikusanyia. Ukimkopesha jirani mchele uliokuwa unadaiwa dukani, jirani hasamehewi mchele kwa sababu wewe unadaiwa.

Kwa upande wa hakimiliki, logo ni kazi ya sanaa na inalindwa tangu dakika unayoichora. Huhitaji kuisajili kwanza ndipo iwe yako. Ndivyo ulivyo Mkataba wa Bern, ule wa kimataifa wa hakimiliki, na sheria yetu ya mwaka 1999 inafuata njia hiyo hiyo. Hakuna mahali imeandikwa kwamba ulinzi unapotea kwa sababu kalamu uliyochorea ilikuwa ya magendo. Mkataba wenu nao ulihusu logo, na logo ni kitu halali.

Lakini usije hapa ukafurahi sana. Sheria hiyo hiyo inazilinda programu za kompyuta kwa kuziweka fungu moja na vitabu. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 24, inamtofautisha anayekiuka hakimiliki kwa matumizi yake na anayekiuka kibiashara. Kuna mtu hapa ametangaza bei ya Office hadharani, sitamtaja.

Ushauri wangu: usiende na lugha ya hakimiliki, itakupeleka mbali na itakugharimu. Dai kama deni la makubaliano. Mazungumzo ya WhatsApp yahifadhi, muamala wa elfu hamsini uuhifadhi, mpelekee barua ya madai. Akikaidi, Mahakama ya Mwanzo ipo.

KipangaWaKariakoo

Moderata naomba bandiko langu la kwanza lifutwe, simu yangu ilichukuliwa na mtoto.

MseeWaLuthuli

Hamjambo majirani. Mimi niko Nairobi, natengeneza kompyuta pale Luthuli, kwa hivyo Kipanga ni ndugu yangu wa damu ingawa hatujaonana.

Wacha niwape historia kidogo, kwa sababu hii kesi inasemwa ni kama sisi Waafrika ndio tulivumbua kunakili. Sheria ya kwanza ya hakimiliki ya Marekani ni ya 1790 na ililinda raia na wakaaji wao tu. Kitabu cha Mwingereza ulikuwa unakichapisha upya Amerika bila kumpa mwandishi chochote, na ilikuwa halali kabisa. Charles Dickens alitembea huko 1842, anapokelewa kama mfalme, vitabu vyake vinauzwa kila mahali, mfukoni haingii kitu. Alipofungua mdomo kuomba sheria ya kulinda waandishi wa nje, magazeti yakamrukia eti ana tamaa ya pesa. Walikaa hivyo hadi 1891. Na Mkataba wa Bern wa 1886, Marekani waliingia 1989. Kenya tuliingia 1993, Tanzania 1994. Yaani huyo mwalimu mkuu wa hakimiliki duniani alitutangulia darasani kwa miaka minne pekee.

Walinakili wakiwa wachanga, wakashiba, ndipo wakafunga mlango. Mimi sisemi kunakili ni kuzuri. Nasema wakihubiri, wahubiri wakiwa wameketi chini.

Halafu nyinyi Watanzania mna bahati. Chini ya Shirika la Biashara Duniani, nchi zilizo maskini zaidi zimepewa muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kubanwa na yale masharti ya hakimiliki na hataza (haki za wavumbuzi). Kenya hatumo kwa hiyo orodha. Mmepewa likizo na bado mnalia.

WakiliMchovu

Msee, historia yako tamu na ni ya kweli. Ila likizo hiyo wamepewa wanaotunga sheria, hajapewa FundiRangi. Bunge letu lilikuwa na ruhusa ya kusubiri, halikusubiri, sheria ipo tangu 1999. Ukikamatwa huwezi kumwambia hakimu "mimi nipo likizo hadi 2034".

BitiKali

Mimi ni prodyuza, niongee ya upande wa muziki.

Studio nyingi za uswahilini nilizopitia, kuanzia Mbagala hadi Tandika, zilianza na FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, ya kukraki. Yangu pia. Ile ya majaribio ilikuwa inakubali uhifadhi kazi ila ukitaka kuifungua kesho yake inagoma hadi ulipie, na mimi wakati huo nilikuwa nalala studio juu ya spika. Kama mtu angeniambia nisubiri mpaka niwe na pesa, leo ningekuwa bado nasubiri. Hilo silionei aibu.

Niliacha kwa sababu ya hofu, sitawadanganya kwamba ni dhamiri. Mwaka 2020 nilishusha kraki ya programu ya kuchanganyia sauti, nikazima antivairasi kama maelekezo yalivyosema (wenyewe wanakuambia uizime, na wewe unaizima!). Asubuhi nafungua kompyuta, kila faili lina mkia wa herufi nne nisizozijua. Biti za miaka mitatu, sauti za wasanii, picha za mwanangu, vyote havifunguki. Kwenye kila folda kuna kikaratasi kinaitwa readme: lipa dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 tunakupunguzia, dola 490. Baadaye nikaambiwa kirusi hicho kinaitwa STOP, au Djvu, na mtaji wake mkubwa ni watu kama mimi wanaotafuta kraki. Nililia kama mtoto. Nikanunua FL Studio ya halali, na kumbe ukinunua mara moja masasisho yote yanayofuata ni bure maisha yako yote. Kampuni ya Wabelgiji, wastaarabu sana.

Ila sasa nisikilizeni na upande wa pili. Wimbo wa kwanza niliotengeneza ukavuma haukuvuma redioni. Ulipita kwenye memori kadi, vile vibanda vya stendi, "niwekee nyimbo mia kwa elfu mbili". Wimbo ulifika Tunduma kabla yangu, madereva wa malori waliufikisha. Msanii hakupata hata mia kwenye hizo memori kadi, lakini alipoitwa kutumbuiza Mbeya ukumbi ulijaa, watu wanaimba kuanzia neno la kwanza. Shoo ile ndiyo iliyolipa kodi yangu ya studio. Sasa niseme waliniibia au walinitangaza? Mpaka leo sijui, inategemea siku hiyo nina njaa kiasi gani.

Lakini FundiRangi hana jukwaa. Nani atalipa kiingilio kwenda kuangalia logo ikiimba? Logo ikishachukuliwa, imechukuliwa. Kwa hiyo msichukue hesabu za muziki mkaziweka kwenye kila kazi.

Mpitanjia

"Inategemea siku hiyo nina njaa kiasi gani." Weka hii kwenye fremu.

MwanaWaUnguja

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Nimeona hapa watu wanapima kwa sheria na kwa njaa, na mimi nipime kwa mizani nyengine, anayetaka achukue.

Wanazuoni wa zamani walibishana kama kitu kisichoshikika kinaweza kuwa mali ya mtu. Suala hili lilipelekwa kwenye Baraza la Fikihi la Kimataifa la nchi za Kiislamu, walikutana Kuwait mwezi wa Disemba 1988. Wakapitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi, na jina la biashara pia, ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali katika zama hizi, na haijuzu kuzichupia mipaka. Kwa hivyo ile hoja ya kuku wa Kipanga, kwa wengi wa maulamaa wa leo, haisimami.

Mtu atasema, na dharura je? Naam, dharura huhalalisha kilichokatazwa. Lakini kanuni haiishii hapo, inaendelea: dharura hupimwa kwa kadiri yake. Aliyekaribia kufa njaa jangwani hula cha kumtoa hatarini, hafungui hoteli. Mwanafunzi asiye na njia yoyote ya kujifunza, huyo tutamzungumzia na hukumu yake. Wewe FundiRangi una ofisi, una bei, unatoa risiti. Dharura yako, bwana weye, imeshavaa suti.

Na mzee naye asijifiche. Kazi ya mtu umeitumia, ujira wake mpe kabla jasho halijakauka. Hata angekuwa na dhambi ngapi.

KipangaWaKariakoo

Ustadhi, na zile muvi zilizotafsiriwa je? Yule anayetafsiri anafanya kazi, anatia vichekesho vyake, mpaka muvi ya Kichina inakuwa ya Manzese. Hilo si jasho?

MwanaWaUnguja

Jasho lipo. Ila ni jasho la kulima shamba la watu bila kuwauliza. Mavuno matamu, sikatai, mie mwenyewe nimezitazama.

Mkutubi

Nafanya kazi maktaba ya chuo, Bara. Nitaongeza jambo moja ambalo linanikera kila tunapoweka programu, muziki na vitabu kwenye gunia moja.

Mwanafunzi wangu wa uzamili anahitaji makala ya kitaalamu, kurasa 12. Anaifungua mtandaoni anaambiwa dola 30 na ushee. Aliyeandika makala ile hakulipwa na jarida. Walioisoma na kuipitisha kabla ya kuchapwa kwa kawaida nao hawakulipwa. Mara nyingi utafiti wenyewe ulilipiwa na pesa za umma. Anayekusanya hizo dola 30 ni mchapishaji peke yake. Mwaka 2011 binti mmoja wa Kazakhstan, Alexandra Elbakyan, akaanzisha Sci-Hub, makala zote bure. Mahakama ya New York mwaka 2017 ikaamua mchapishaji mmoja mkubwa alipwe dola milioni 15. Mwaka huo huo wa 2011 huko Marekani alikamatwa Aaron Swartz kwa kushusha makala nyingi kupitia mtandao wa chuo cha MIT. Alijiua Januari 2013 akiwa na miaka 26, kesi haijaanza kusikilizwa.

Mimi nikimwona mwanafunzi amefungua Sci-Hub napita kama sijaona. Nikimwona anakopi kitabu kizima cha mwandishi wetu wa hapa hapa aliyejichapishia kwa pesa zake, namkatalia, tumeshagombana na wengi. Mtaniambia ni unafiki. Mimi naangalia shilingi ingekwenda kwa nani kama ingelipwa.

Ila niwaambie na la aibu: kuna mpango wa Research4Life, ulianza 2002 na Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa majarida ya afya, unazipa taasisi za nchi kama yetu majarida hayo bure au kwa bei ndogo. Nikiwafundisha wanafunzi kuingia humo, wengi ndiyo mara ya kwanza kusikia, na wako mwaka wa pili. Njia ya uchochoroni wanaijua tangu wiki ya kwanza.

FundiRangi (mleta mada)

Wakuu nimesoma yote, asanteni. Wakili, barua nimeshaandika.

Ila mnisikilize na mimi. Mwezi mzuri naingiza kama laki sita. Fremu laki na nusu, bado umeme, bando, karatasi. Furushi zima la Adobe, wenye hiyo Illustrator, ni zaidi ya dola 50 kwa mwezi, yaani inapita laki na ishirini, kila mwezi, milele. Zamani ungejibana ununue boksi, likawa lako. Wao 2013 wakatangaza hakuna boksi tena, ni kukodi tu. Cherehani ningenunua ya mtumba. Kompyuta yenyewe ni ya mtumba. Programu ya mtumba inauzwa wapi?

ShangaziWaHesabu

Mdogo wangu, wino unauweka kwenye bei? Umeme je? Kwa nini programu huiweki?

Nikujibu mwenyewe. Huiweki kwa sababu wa fremu ya pili haiweki. Yeye anachora logo kwa elfu themanini kwa sababu programu kwake ni bure, na wewe ukiweka gharama halali utaonekana mwizi kwa wateja. Mnajidhani mnaikomoa kampuni ya Marekani kumbe mnakomoana wenyewe kwa wenyewe hapo barabarani, mmeishusha bei ya kazi yenu hadi haiwezi kulipia vifaa vyake.

MzeeWaLinaksi

Nilikuwa nasubiri mtu alifikie hilo. Shangazi kakaribia, nimalizie.

Kipanga umetaja maneno ya Gates ya 1998 kana kwamba alikuwa anatoa sadaka. Rudi nyuma. Februari 1976 huyo huyo aliandika barua ya wazi kwa wapenzi wa kompyuta, analalamika kwamba hata asilimia 10 ya wenye kompyuta za Altair hawajanunua BASIC yake, programu ya kuandikia programu, wananakiliana utepe wa karatasi wenye matundu. Alilia kweli kweli. Miaka 22 baadaye halii tena, anasema waibe za kwetu. Kilichobadilika ni nini? Mwaka 1976 kilichokuwa kinapotea ni pesa ya kula ya kijana. Mwaka 1998 kilichokuwa kinapatikana ni mazoea ya mabilioni ya watu.

Sasa nyumbani. Mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam watu walikaa wakatafsiri OpenOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi kama Microsoft Office, yote kwa Kiswahili. Ikaitwa Jambo OpenOffice. Bure, halali, kwa lugha ya bibi yako. Mwaka huo huo Ubuntu ikatoka, aina ya Linaksi, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, jina lenyewe ni binamu wa utu wetu. Kwa miaka walikuwa wanatuma CD kwa posta bila kulipisha hata stempu. Mimi za kwangu nilizifuata kwenye sanduku la posta, tano, na vibandiko vyake.

Niliwapa watu wakanirudishia. Kwa sababu kwenye meza ya Kipanga wa wakati huo kulikuwa na CD ya Microsoft Office kwa elfu mbili. Cha bure halali hakikushindwa na cha kulipia, kilishindwa na cha wizi. Kila kraki unayoifunga, Kipanga, kampuni haipotezi mteja, maana huyo hakuwa mteja. Aliyepoteza ni yule aliyekaa UDSM akitafuta neno la Kiswahili la kila kitufe.

Ndiyo maana hoja ya "hawajui hata kama Morogoro ipo" hunichekesha. Wanajua. Vijana wote wa Morogoro wanajua kutumia programu yao na hawajui nyingine yoyote.

FundiRangi: Inkscape kwa logo. GIMP au Krita kwa picha. Scribus ukitaka kutoa PDF ya rangi za CMYK (rangi za uchapaji) kwa mtu wa mashine, maana Inkscape hapo ni dhaifu, nisikufiche. Na Affinity, nayo ya kuchorea, iliyokuwa ya kununua mara moja, tangu Oktoba 2025 wameifanya ya bure chini ya kampuni ya Canva. Si huria kama nipendavyo mimi, ila ni halali. Utahangaika miezi miwili. Vidole vitatafuta vitufe pasipo na vitufe. Halafu utazoea.

KipangaWaKariakoo

Mzee, kwa heshima zote, mwaka 2004 nilikuwa darasa la nne.

(Ila nimekusikia. Jumatatu nitaweka LibreOffice, mdogo wake hiyo OpenOffice, kwenye kompyuta moja nione mteja atasema nini.)

MpwaWaMgahawa

Nimetumiwa linki ya uzi huu na watu watatu. Mimi ndiye yule kijana.

Shangazi uliuliza jina lilifutiwa programu gani. Nililifuta mimi. Photoshop. Ya kukraki. Mjomba aliniambia "mtoe huyo jamaa katikati" na sikuuliza zaidi, nilidhani ameshamalizana naye. Swali la leseni mjomba hakunituma, nilijiongeza mwenyewe, nilikuwa nataka kuonekana nimesoma. Kaka FundiRangi, samahani.

Mpitanjia

Naomba mtu anishike.

FundiRangi (mleta mada)

Mrejesho, wakuu.

Barua ilifika. Mzee akanipigia mwenyewe, sauti ya chini, nadhani mpwa alimsomea uzi. Nimekwenda leo. Laki moja taslimu nimepewa mkononi. Laki ya pili tumeandikishana chakula, nakula mchana hapo hadi iishe, wali nyama shilingi elfu tatu. Wakili usininunie, wali wao ni mzuri.

Nami nikaona nisikabidhi faili lililochorwa kwa kraki. Nimekaa siku sita na Inkscape, nimeichora logo upya mstari kwa mstari, hata lile kovu la jani limeondoka. Mtu wa mashine alikataa faili la kwanza, rangi ya kijani ilitoka kama matope, nikalipitisha Scribus ndipo likakaa. Illustrator nimeitoa kwenye kompyuta. Mzee wa Linaksi, vidole vinauma kweli, ulisema miezi miwili, mimi naona minne. Ila leo kwa mara ya kwanza mtu akiniuliza programu nimeilipia shilingi ngapi, nitamjibu bila kuomba chai.

MpwaWaMgahawa

Hongera sana kaka, na logo mpya nimeiona, safi kuliko ya kwanza. Nina swali dogo tu, si kwa ubaya, nauliza kujifunza. Ile fonti ya jina la mgahawa, zile herufi zenye mikia, leseni yake inaruhusu biashara?

FundiRangi (mleta mada)

Nipo kwenye daladala, mtandao hausomi.